Nyumba Moja, Anwani Mbili

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu alipanga barua posta, na mtaani hadi leo wanamwita Bwana Sanduku. Mwandiko wa daktari aliusoma kama wengine wanavyosoma saa. Siku moja ilikuja bahasha imeandikwa "Kwa mama mcheshi, nyuma ya kinu cha nafaka," na kabla ya adhuhuri ilikuwa mkononi mwa mama mcheshi. Kwa hiyo asubuhi hii mkewe alipomshauri aite fundi, alijibu, "Fundi wa nini? Kutoa mzigo hapa kuupeleka pale ndiyo kazi iliyonizeesha."

Mzigo wenyewe ulikuwa kitabu. Mkewe, mwalimu mstaafu, alikuwa ametunga hesabu za darasa la nne kwa miaka mitatu, sura tisa, kwenye kompyuta kuukuu ya chumba cha kulia. Mchapishaji alimpa hadi saa kumi jioni ya leo. Ikipita hapo, nafasi inakwenda kwa mwalimu mwingine. Na kompyuta ile ilikuwa mahututi. Matundu ya flashi yalikuwa yamekufa, intaneti haishiki, feni imegoma. Ikipata joto ilizimika, na kila ikizimika iliamka kwa shida zaidi. Kilichobaki kizima ni tundu moja la kebo.

Mdogo wa mwalimu, mwenye duka la kutengeneza kompyuta, ndiye aliyeleta waya wa kuiunganisha moja kwa moja na kompyuta mpya. Alieleza mguu mmoja ukiwa mlangoni: "Shemeji, kila moja iandikie anwani, namba nne zenye nukta katikati. Halafu ruhusu folda ya dada ionekane upande wa pili. Dakika kumi tu."

Dakika kumi zikazaa saa tatu.

Waya ulilala mezani kati ya mashine mbili. Vitaa vya matunduni vilikonyezana, lakini kila kompyuta ilidai kwamba iko peke yake duniani. Mwalimu aliipepea ile kuukuu kwa jalada la daftari, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto.

"Zinaonana?"

"Bado."

"Kama wake wenza sokoni. Zimepitana bega kwa bega na hazijuani."

"Mama, nyamaza kidogo, nafikiri."

"Fikiri. Mimi napepea mgonjwa."

Akachomoa waya, akachomeka. Akazima, akawasha. Akageuza waya, kichwa kikawa mkia. Kijisanduku cha maandishi kilichomoza pembeni mwa kioo, kama kilivyochomoza tangu asubuhi, naye akakifunga kama mtu afukuzaye nzi. Shati lilimganda mgongoni. Barua ambayo hata anwani haikuwa nayo aliifikisha. Leo mzigo unavuka meza moja, na umemshinda.

Saa saba ilipogonga, mwalimu aliweka jalada chini, akampigia mdogo wake, akaiweka simu mezani ili wote waisikie sauti.

"Shemeji," ile sauti ikauliza, "anwani umeandika?"

"Nimeandika. Mara nne nimehakiki."

"Nisomee ya kuukuu." Akaisoma, nukta kwa nukta. "Na ya mpya?"

"Ni hiyohiyo."

"Hiyohiyo vipi?"

"Ziko nyumba moja, shemeji. Watu wa nyumba moja wana sanduku moja la barua. Mimi ndiye niliyekuwa nikizigawa."

"Haya, tarishi akikuta milango miwili yenye namba moja, anabisha wapi? Hakijatokea kijisanduku kukuambia anwani zimegongana?"

Mkewe alimtazama, na macho yale yalikuwa yamewahi kunyamazisha madarasa ya watoto sitini.

"Badili namba ya mwisho kwenye mojawapo," shemeji akasema. "Moja iwe moja, nyingine mbili. Na upesi."

Akabadili. Folda ikatokea hapohapo, imetulia, kana kwamba ilikuwa ikimngoja yeye tu. Akaanza kunakili. Sura ya kwanza ikavuka, ya pili, ya tatu. Wakapepea wote wawili, yeye kwa kofia yake. Ya nane ikavuka. Kompyuta kuukuu ikakoroma mara moja, kioo kikawa cheusi, na haikuamka tena, si kwa kubembelezwa, si kwa kupigwa kofi ubavuni.

"Sura ya tisa," mwalimu akasema taratibu. "Kugawanya."

"Mama Watoto, kosa ni langu."

"Najua ni lako. Saa nane kasoro. Sogea."

Akakaa mbele ya kompyuta mpya, akafungua ukurasa mtupu. Njia za kufanya alikuwa nazo kichwani. Mifano sitini ndiyo iliyopotea. Mzee alibaki amesimama, mikono haina pa kuwekwa.

"Usisimame kama mlingoti. Nitajie vitu vya kugawanya."

"Barua mia tatu. Mitaa kumi na miwili."

"Rahisi mno. Hawa ni darasa la nne."

"Mia tatu na saba, basi."

Vidole vikakimbia. "Ishirini na tano kila mtaa, baki saba. Na hizo saba zinakwenda wapi?"

"Zinarudi ofisini. Wenyewe wamehama."

Aliiandika vilevile, bila kucheka. "Endelea," akasema. "Bado hamsini na tisa."