Upinde Usio na Upande

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa nimeolewa Mahajanga, Madagaska, na kazi yangu ilikuwa kushona. Asubuhi moja mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alikuja na magunia manne. Alitaka niyaunganishe yawe mfuko mmoja mkubwa wa kujazwa majani makavu.

"Godoro?" nikamuuliza kwa Kimalagasi.

"Hapana, mama. Shabaha."

Akanieleza. Mwalimu wa mazoezi, Mfaransa, alikuwa amerudi kwao akaacha kabati la pinde na mishale, pamoja na kijitabu cha maelekezo. Huyu wa hesabu hakuwahi kushika upinde maishani mwake, ila alikisoma kijitabu mara tatu, na alitaka kuanzisha mazoezi ya Jumapili kwa mtu mzima yeyote apendaye.

Mfuko ulipokamilika niliupeleka mwenyewe. Angeweza kumtuma mtu, lakini nilitaka kuliona hilo kabati.

Pinde zilikuwa tano. Nilichukua mrefu kuliko zote, mwekundu, uliong'aa kwa vanishi. Nikavuta, kamba haikufika hata kifuani. Mwalimu akafunua kijitabu.

"Kinasema anayeanza asichague kwa macho. Achague ule anaoweza kuuvuta hadi kidevuni, akahesabu kumi bila kutetemeka."

Wa pili ulinitetemesha nilipofika tatu. Wa tatu, mfupi, wenye kishikio kilichofungwa utepe uliochakaa, ulinifikisha kumi. Kisha akanipimia mshale: nyuma yake niuegemeze kifuani, ninyooshe mikono yote miwili mbele, na ncha ipite vidole. Ukiwa mfupi, alisema, utakuja kuuvuta mpaka uangukie ndani ya upinde, ujichome mkono.

Nikalenga, nikaachia. Mshale ulitua kwenye nyasi, na kamba ikanichapa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Mingine niliyorusha baadaye nayo iliishia nyasini.

Jioni mume wangu, karani wa ghala la bandarini, aliuona mkono umevimba.

"Umeanguka?"

"Nimechapwa na kamba ya upinde."

Akaweka kikombe chini. Nilingoja aniulize mke wa mtu anatafuta nini huko.

"Na mshale ulikwenda wapi?"

"Kushoto. Yote ilikwenda kushoto."

"Kwa nini kushoto?"

Sikujua, na swali hilo likanikaa kichwani. Wiki hiyo nilikata ngozi ya mkoba wa zamani, nikajishonea kinga ya mkono. Jumapili iliyofuata sikuumia, lakini mishale iliendelea kwenda kushoto. Mwalimu alinigeuza miguu, akanishusha bega, akaninyanyua kiwiko. Kushoto tu.

Jumapili ya nne alikuja na kijitabu mkononi. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimegandana kwa unyevu, naye alikuwa amezibandua kwa mvuke wa birika. Aliniambia nikutanishe viganja mbele ya uso, niache tundu dogo katikati, nikitazame kitasa cha mlango kupitia tundu hilo.

"Sasa fumba jicho la kushoto."

Kitasa kikapotea. Nilipofumba la kulia, kilibaki palepale.

"Jicho lako kubwa ni la kushoto, mama. Mkono unalenga huku, jicho linatazama kule."

Nilicheka, maana hata uzi nautunga sindanoni nikiwa nimefumba jicho la kulia, na sikuwahi kujiuliza sababu. Ilibidi basi nishike upinde kwa mkono wa kulia, nivute kwa wa kushoto. Lakini upinde wangu ulichongwa kikalio cha mshale upande mmoja tu, upande usionifaa. Tukarudi kabatini. Nyuma kabisa ulikuwapo mmoja mweusi, mnyoofu, usiochongwa popote. Mshale ungekaa juu ya kidole changu, upande wowote. Nikavuta, nikahesabu kumi.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mjinga kama wa mtoto anayejifunza kushika kijiko. Mshale wa kwanza na wa pili ilipita juu. Wa tatu ulizama kwenye gunia, pembeni, kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia. Tulikwenda sote wawili kuutazama.

Mwaka uliofuata mwalimu aliniazima upinde ule niende nao kisiwani Nosy Be, kwa mama yangu, katika kijiji cha Ambanoro. Mama aliugeuzageuza.

"Unawinda nini?" akaniuliza kwa Kingazija chetu cha nyumbani.

"Siwindi, mama. Nalenga gunia."

"Gunia limekukosea nini?"

Nikaanza kumweleza habari za kidevu na kiwiko. Akanikatiza.

"Usinieleze. Nipe nijaribu."

Tulikaa nyuma ya nyumba mpaka adhana ya alasiri. Mshale mmoja hatukuuona tena. Mwingine mama aliupachika kwenye mgomba, na kesho yake akawaita majirani, mmoja mmoja, waje wautazame.