Majembe Mawili kwa Moja

Nikitaka kujua bei ya chuma hapa Baraka, naanzia ufukweni kwa wanaopakua mabati na nondo kutoka Kigoma, kisha nawauliza madereva wa malori ya Uvira. Nilijizoeza hivyo kwa ajili ya baba yangu, mhunzi wa majembe, mtu asiyependa kubahatisha.

Mwaka mmoja habari zilifanana pande zote mbili: chuma kinapanda. Watu walikuwa wakijenga, mabati yakigombaniwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakashuka kutoka Uvira, wakapita Makobola, Mboko na Lusenda, wakizoa kila springi ya gari iliyotupwa. Springi hizo ndizo baba alizofulia majembe. Hakuweza kushindana na bei yao. Msimu wa kulima ukakaribia, karakana haina chuma.

Ndipo akatangaza sokoni: leteni majembe mawili yaliyokwisha, mtapata moja jipya, mtalipa kazi tu.

Akina mama walikuja asubuhi, wakapanga foleni hadi barabarani. Nyuma yao akatokea mnunuzi, mizani begani.

"Bamama, hiyo feraye, hiyo vyuma ya kuzeeka, nanunua yote. Kilo nalipa mara mbili ya mwezi uliopita. Feza iko hapa."

Nilimtazama baba. Aliendelea kuchochea moto. Kama wangeuza, ingebidi afunge karakana. Nami, niliyezunguka kuuliza bei, nilijua ile ilikuwa nzuri kweli.

Mama wa kwanza kwenye foleni, mkulima wa muhogo, alimgeukia mnunuzi.

"We papa, hiyo mizani yako inalimaka?"

"Utanunua jembe mupya dukani, mama."

"Ya dukani! Nayo imepanda bei, tena ikigonga jiwe inajikunja. Angalia hii ya huyu muzee. Nimelima nayo mpaka imebaki kama kijiko, haijavunjika!"

Akayaweka majembe yake chini, karibu na fuawe. Wa pili akaweka. Wa tatu pia. Mmoja tu aliuza, naye alikuwa na mgonjwa nyumbani, hakuna aliyemlaumu. Mnunuzi akapima yale mawili, akaenda zake.

Kuunganisha vyuma viwili vilivyochoka si kazi ndogo. Makaa yalikwisha haraka, na baba alipiga nyundo hadi shati likamganda mgongoni. Lakini kila jembe lilitoka limenyooka, na ukiligonga kwa ukucha lililia vizuri. Nimeona majembe ya nchi nyingi kwenye maduka ya mji huu. Sijaona makali kama yale.

Siku ya tatu akawatangazia waliobaki kwamba malipo ya kazi yameongezeka kidogo.

"Eh, muzee! Chuma ni yetu!" walipiga kelele. "Kwako kumepanda nini?"

"Mukono," baba akajibu, akiuinua ule ulioshika nyundo.

Walicheka, wakamwita mwizi, wakalipa.