Siku Nilipomkimbia Mama Mkwe kwa Gari Lisiloshika Breki

Nitawaambia, lakini mnicheke taratibu, maana hata leo nikikumbuka huwa najifunika uso na blanketi nikiwa peke yangu chumbani. Mimi, mwalimu wa muziki, mtu mzima mwenye mke na mtoto, niliwakimbia wakwe zangu kinyumenyume nikiwa nimevaa kaptura iliyopasuka nyuma.

Jumamosi hiyo mama mkwe alikuwa anakuja kwetu Shieywe kutoka Khwisero, mara yake ya kwanza tangu nimuoe Selina. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani ovyo: hamshikani mikono, hamketi karibu, neno likibidi kusemwa linapitia kwa mtu wa tatu, na akikuona nusu uchi hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Tena huyu mama alikuwa bado hajanikubali. Alishamwambia Selina, nami nikasikia kwa masikio yangu, "Huyo bwana yako anaotanga mchana. Siku moja atakusahau kwa barabara." Kwa hivyo nilitaka ziara hiyo imwonyeshe kwamba binti yake yuko mikononi mwa mtu makini.

Sasa gari letu lilikuwa linalia magurudumu ya nyuma, kriii, kila ukifunga breki, na jioni ndilo lingewarudisha wageni kwao. Fundi yupo, hayuko mbali, lakini nikasema aa, mimi mwenyewe nitabadilisha diski na pedi za nyuma, nimeshatazama video mara tatu, na wageni watafika saa saba. (Hilo ndilo kosa langu. Mengine yalifuata yenyewe.)

Na asubuhi ilikuwa nzuri, jamani. Mvua ya jana yake ilikuwa imeosha kila kitu, ukungu unapanda polepole kutoka migombani, ingokho, kuku wa wageni, inachemka jikoni na harufu yake inanifikia pale nilipochuchumaa, nikasahau dunia. Nilipiga jeki, nikatoa diski kuukuu, nikaweka mpya inayong'aa hadi nikauona uso wangu. Pistoni ya breki za nyuma za gari letu huisukumi tu, unaizungusha irudi ndani kidogo kidogo, nami niliizungusha nikiimba bezi ya kwaya, na kila mzunguko nikamwona mama mkwe ameketi kiti cha nyuma, ametulia, gari halilii, anamwambia senje, yaani shangazi yake Selina, kwamba kumbe huyu kijana si mbaya. Nilikaa ndani ya ndoto hiyo muda mrefu sana. Nilipokaza nati ya mwisho ya gurudumu la pili na kuondoa jeki na mawe, nilikuwa nimebakiza mambo mawili tu: kurudisha waya wa handbreki, na kukanyagakanyaga pedali mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zikisharudishwa ndani, breki haishiki hadi ufanye hivyo.

"Hodi wenyewe!"

Saa nne na nusu! Walikuwa wamepata lifti. Mama mkwe mbele, senje nyuma yake, na akina mama watatu wa kanisa, wote juu pale getini, na mlango wa nyumba uko upande wao. Mimi niko chini yao kidogo na fulana ya matundu na ile kaptura iliyopasuka nyuma. Nikaruka ndani ya gari nikajikunja, lakini vioo havifichi mtu, nao wanazidi kuja. Nikawaza, nyuma yangu ni mteremko, nikiliachia liteleze bila kuwasha injini nitafika nyuma ya jikoni, na Selina ataniletea suruali kupitia dirishani. Nikazungusha ufunguo kidogo ili usukani ufunguke, nikatoa gia, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa imelishikilia.

Gari likaondoka kimya kabisa. Nikakanyaga breki, mguu ukazama hadi chini. Ningekanyaga mara kumi ingeshika, lakini mimi nilikanyaga mara moja nikabaki nimekanyaga. Handbreki ikaja juu nyepesi, haina chochote. Basi nikatazama. Jikoni ikapita, Selina mlangoni na mwiko mkononi, kamba ya nguo ikapita, shuka jeupe likafunika kioo cha mbele kisha likajiondoa lenyewe, na kule juu wakwe zangu wakazidi kuwa wadogo. Niliwapungia mkono. (Sijui kwa nini. Niliona ndiyo adabu.)

Migomba ya jirani ndiyo iliyonipokea. Gari likaegemea, likasimama, mlango wangu ukabanwa, sikuumia hata ukucha. Nikasikia miguu inakuja mbio kwenye matope, nikadhani ni Selina. Alikuwa mama mkwe, pekupeku, amewaacha wote nyuma. Alifungua mlango wa pili, akaingia nusu mwili, akanikamata mkono wangu wenye grisi akanivuta.

"Woi, mtoto wa wenyewe! Umeumia wapi?"

Nikatoka, na kaptura ikamaliza kupasuka.

Senje alikuwa ameshafika, akageukia upande mwingine. Mama mkwe akautazama mkono wake mweusi, akakumbuka mimi ni nani kwake, akaniachia, akafungua leso yake ya juu kiunoni akanitupia bila kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Selina akaja anahema, na mama yake akamwambia yeye maneno yaliyokuwa yangu.

"Selina, muulize bwana yako. Hiyo ndiyo gari inabebanga mtoto wangu?"

Selina akanigeukia, naye akingoja jibu. Nami, nimejifunga leso ya mama mkwe, nikasahau mila nikamjibu mwenyewe.

"Ndiyo, Mama."

"Basi usiiguse tena." Na safari hii alinitazama usoni.

Sijaigusa. Ikilia hata kidogo naipeleka kwa fundi, nakaa pale benchini nikimhesabia anavyokanyaga pedali, na Selina na mtoto hawapandi mpaka niione kwa macho yangu imeshika.