Swali Langu la Korosho

Moshi wa korosho anazochoma jirani hapa Mjimwema, nilikojijengea nyumba kwa jasho langu na diploma yangu, umenirudisha jikoni kwa bibi, kijijini Nalasi. Kwa bibi, hukupewa korosho mpaka uulize swali. Kaka aliuliza maisha mazuri ni yapi. Dada akauliza kwa nini mwenyekiti wa kijiji siku zote ni mwanaume. Nami, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, nikauliza, "Bibi, Mungu wa mwalimu wetu Mkristo ndiye huyuhuyu wetu?"

Baba alikuwa mlangoni, ametoka msikitini. Nikafumba macho nikisubiri kofi.

"Mama, huyu mpe mbili," akasema. "Hilo hata mimi naogopa kumuuliza shehe."

Nikapumua. Miaka baadaye, chuoni nilikopata diploma, hakuna aliyeniwahi kunyoosha mkono kuuliza swali.