Mzigo Usiopokewa

Ukitaka kusomea ukocha wa kunyanyua vyuma vizito, usijidanganye kwamba unakwenda kuonyesha misuli. Mimi nilifika Vwawa kifua mbele, mwanamke mwenye jimu yake Tunduma nyuma ya maegesho ya malori, nikidhani wakufunzi ndio watakaojifunza kwangu. Thubutu! Mwanzoni hata chuma hatukukigusa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, baridi ya Mbozi inatutafuna miguu, tunasomeshwa uti wa mgongo pingili kwa pingili.

Nilivumilia kwa ajili ya mabinti wa jimu yangu. Walikuwa wamejinoa kwa mashindano ya kanda, na waandaaji walishasema wazi kwamba timu isiyo na kocha mwenye cheti haipandi jukwaani. Kwangu cheti kile kilikuwa kufa na kupona.

Ukafika mtihani wa vitendo. Nilipangiwa mwenzangu, mama wa Tanga anayeuza spea za malori Tunduma, mtulivu, hijabu kaifunga vizuri. Yeye anachuchumaa na chuma mabegani kisha anainuka. Mimi nasimama nyuma kumlinda. Chuma kikikwama katikati, unamwacha apambane. Kikianza kurudi chini, hapo ndipo unadaka. Ukikigusa kabla, yeye kakosa na wewe umekosa.

Rahisi, eti? Sasa mimi nimezaliwa Iyula. Kwetu mtu akitokea na mzigo, unainuka unampokea, salamu baadaye. Ukimwacha amesimama nao, mama yangu angekusema mpaka majirani wasikie. Basi mwenzangu akashuka, akaanza kupanda, akakwama, akaguna. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Pole dada," na mikono imeshafika kwenye chuma.

Mkufunzi akasema jaribio letu limefutwa. Mwenzangu akarudisha chuma kwenye stendi, akanigeukia. Wala hakupaza sauti.

"Nilikuwa napanda," akasema. "Umeniibia."

Nilikasirika, jamani! Nimsaidie, halafu aniite mwizi? Nikatoka nje, nikala chapati yangu peke yangu nikiwa nimenuna. Lakini chapati haikupita vizuri, maana mwenzangu alikuwa na haki, na mabinti zangu walikuwa wananingoja Tunduma.

Nikamrudia mkufunzi. Akasema ataniruhusu nirudie mwishoni, ila mwenzangu akikubali. Nikamfuata, nikamwomba radhi. Akaniambia uzito ule hajawahi kuupandisha bila mtu kumshika, na anataka kujua kama anaweza. Akakubali, kwa sharti nisimpe pole.

Mchana kutwa nilijituma. Aliyenyanyua yeyote, nilisimama nyuma yake, mikono wazi karibu na chuma, nikijigombeza kimoyomoyo kwa Kinyiha cha kwetu kila vidole vilipotaka kusogea. Wenzangu walinicheka. Wacheke tu, nilisema, kesho mimi naondoka na cheti.

Zamu yetu ikafika. Mwenzangu akashuka. Akapanda nusu, chuma kikasimama. Miguu ikamtetemeka. Malezi yangu yote yalikuwa yananisukuma mbele. Nikang'ang'ana.

"Kifua juu," nikamwambia. "Sukuma."

Chuma hakikupanda, wala hakikushuka. Niliumia kumwangalia, nasema kweli, niliumia. Halafu kikasogea kidogo, kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua, kikaendelea kusogea mpaka magoti yakanyooka.

Mkufunzi akaniitikia kwa kichwa. Nimefaulu. Mwenzangu alikuwa ameshakirudisha chuma kwenye stendi, lakini bado amekishikilia, amenipa mgongo, anahema.

"Hukunigusa?"

"Sikukugusa."

"Hata kidole?"

"Hata kidole, dada."

Akaketi palepale sakafuni, akafunika uso, akalia. Nami nikalia, nimesimama nyuma yake.