Mnyororo wa Wimbo wa Sita

Kwa miaka kumi na tisa Mama Vifungo alishona vifungo vya sare za shule, mashati mia na arobaini kwa siku, na kama unadhani hiyo ni kazi ya kukaa tu, kaa wewe. Hakuweza kupishana na mtoto wa shule njiani bila kumtazama kifuani kwanza, aone kama kifungo cha tatu kimekaa sawa. Alikuwa mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Akikukasirikia alikusalimu kama kawaida, akakuuliza hali ya watoto, kisha akakuweka moyoni miaka na miaka.

Aliyekaa humo muda mrefu kuliko wote ni mwenye kiwanda, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa lao. Kila asubuhi saa moja na nusu, wafanyakazi wakishaingia, alikuja mwenyewe kufunga kwa nje chumba cha kukatia vitambaa, asije mtu akachomoka na kipande chini ya gauni. Alizungusha mnyororo mara tatu kwenye vishikio vya mlango, akabana kufuli, akaliachia ligonge mbao. Halafu alijipigapiga mfuko wa kulia wa koti, mara mbili, kuhakikisha ufunguo umo. Kina mama walimwigiza wakati wa chai, wakacheka mpaka machozi.

Siku kiwanda kilipowaka moto, Mama Vifungo alikuwa stoo akichagua vifungo. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa chumba cha kukatia. Mzee alikuwa ametoka na ufunguo wake mfukoni. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa akipita ndiye aliyekata mnyororo kwa msumeno, kufuli likiwa bado limefungwa. Wakataji wengine walitoka wakikohoa. Mdogo mtu alitolewa amebebwa, naye hakukohoa.

Kwenye uchunguzi mzee alishika Biblia akaapa kwamba mlango ule haujawahi kufungwa kwa mnyororo hata siku moja. Fundi wa vyuma alikuwa ameshahama, hakupatikana. Kina mama walipoulizwa walisema hawakumbuki, maana walikuwa na watoto wa kulisha na kiwanda ni cha yule yule. Mama Vifungo alipoutoa kikapuni mnyororo aliouokota mlangoni siku ya moto, na kufuli lake, aliambiwa kwamba minyororo kama hiyo imejaa kila duka la vifaa. Akaurudisha kikapuni, akaenda nao nyumbani. Siku hiyo aliapa na yeye, bila Biblia, kwamba mnyororo huu mzee ataukiri mbele za watu.

Shemeji yake, mume wa marehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na mpiga gitaa mzuri, mpole wa kukera. Baada ya matanga walianza kuimba pamoja alasiri sebuleni kwake, kwa sababu wote wawili hawakujua wafanye nini kingine. Waliimba nyimbo za kumlilia Mungu, lakini ndani yake mlikuwa na foleni ya maji, na wapangaji waliong'olewa milango, na mjane aliyedhulumiwa kiwanja na mashemeji zake. Gitaa moja, sauti mbili. Watu wakawaita Shemeji Wawili, na mwaka wa nne wakaamua kutoa albamu yao ya kwanza, nyimbo tisa. Wa sita ulikuwa wa marehemu.

Walirekodia katika chumba kilichosimamishiwa magodoro ukutani. Fundi mitambo alisema wimbo wa sita unataka kayamba. Mama Vifungo akainama, akautoa mnyororo kikapuni, akauzungusha mara tatu kwenye kishikio cha mlango, akaliachia kufuli ligonge. Shemeji akashika nyuzi zikanyamaza. Alimwambia kwamba kisasi ni cha Mungu, na Mama Vifungo anajua hivyo tangu utoto.

"Simnyang'anyi Mungu, shemeji," alisema. "Namshikia tu mnyororo."

Shemeji alianza kupiga, macho yameelekea chini.

Sasa, kanisa lao lina desturi: hakuna albamu inayozinduliwa humo kabla kamati haijasoma maneno ya nyimbo zote, yameandikwa kwenye karatasi, moja moja. Kamati ilisoma. Maneno ya wimbo wa sita yalikuwa sala safi, hayamtaji mtu, hayataji moto. Wakagonga muhuri. Lakini karatasi hailii. Na mgeni rasmi, Mama Vifungo alimchagua mwenyewe, akampelekea barua ya heshima zote: mzee, aliyelichangia kanisa vipaza sauti vipya. Mzee alikubali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kiti cha mbele hakijawahi kumshinda.

Basi Jumapili baada ya ibada albamu ikapigwa kwenye vipaza sauti vyake. Nyimbo tano mzee alizisikiliza anatikisa kichwa kwa adabu. Mama Vifungo alikuwa amekaa pembeni mwa madhabahu, na hakumtazama mwingine. Ukaja wa sita. Gitaa, kisha mnyororo: mzunguko, mzunguko, mzunguko, kufuli likagonga.

Mkono wa mzee ukainuka wenyewe, ukapiga mfuko wa kulia wa koti, mara mbili.

Kwenye viti vya kina mama wa kiwandani mmoja, mkataji wa zamani mwenye kovu shingoni, akajipiga ubavuni mara mbili. Akafuata wa pili, wa tatu, safu nzima, pa-pa, hakuna aliyecheka. Mzee akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mama Vifungo alisikia raha ambayo hakuionea aibu hata kidogo.

Wimbo ulipoisha, hakuna aliyepiga makofi. Mama Vifungo alikuwa tayari kunyanyuka aseme neno, lakini shemeji, yule mpole, alimtangulia. Alimgeukia fundi mitambo.

"Rudisha huo," alisema. "Toka mwanzo."

Gitaa likaanza upya, na kanisa zima likageuza shingo kuelekea kiti cha mbele. Mnyororo ulipozunguka mara ya tatu, mgeni rasmi alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.