Kuwaita Kobe Ndani

Mwenye nyumba wangu ni fundi wa makufuli. Kibanda chake kiko kwenye lango la soko, kimejaa funguo zinazoning'inia kwenye misumari, na mtaa mzima unamwita Mzee Funguo. Ukijifungia nje, unamfuata yeye. Ufunguo ukikukatikia ndani ya kitasa, unamfuata yeye. Anainama, anasikiliza, anachokonoa kidogo, na mlango unafunguka kabla hujamaliza kueleza ilikuwaje. Milango ya watu wote ataifungua, ila mdomo wake mwenyewe ulishika kutu zamani. Nimepanga chumba chake cha uani miaka nenda rudi, na salamu yake ya asubuhi ni kukohoa.

Msemaji wa nyumba ile alikuwa mkewe. Yule mama aliongea na mimi, na sufuria, na nguo kwenye kamba, na zaidi ya wote aliongea na kobe wake. Wako watatu. Mkubwa ni Bosi, mzito kama mfuko wa saruji, na hana haraka na mtu. Wa pili ni Bibi Harusi, kwa sababu hawezi kupita mahali bila kusimama kwanza atazamwe. Mdogo anaitwa Mpangaji. Sijawahi kuuliza kwa nini, na sitauliza.

Wakati wa joto kobe hao hulala wanapotaka, chini ya ua wa michongoma au nyuma ya pipa la maji. Miezi ya baridi ndiyo yenye kazi. Kobe akilala nje kwenye baridi na unyevu anapata mafua kama mimi na wewe. Pua inatoa mapovu, macho yanavimba, chakula hataki. Mwaka mmoja Bibi Harusi aliugua hivyo, na mama akamhamishia sebuleni, akawa anamlisha majani kwa mkono mpaka akapona. Ndipo Mzee Funguo alipowajengea banda nyuma ya nyumba, la mbao na mabati. Ndani alitandika zulia kuukuu, juu yake nyasi kavu, na mlango akaupa kufuli ambalo hata benki ingelionea wivu. Kila jioni mama alisimama mlangoni pa banda akaita, "Bosi, baba, ingia ndani. Baridi hiyo." Bosi akiingia, wenzake humfuata.

Basi binti yao anayeishi mbali akajifungua mapacha, na mama akaenda kumsaidia. Alisema atarudi watoto wakianza kukaa. Wakakaa. Halafu ikawa mpaka watambae. Wakatambaa, tena kila mmoja upande wake. Halafu ikawa mpaka apatikane mtu wa kuaminika wa kuwaangalia, na sote tunajua watu wa namna hiyo walivyo adimu. Sweta lake jekundu likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Mzee hakuliondoa. Alilisogeza kidogo tu alipotaka kuchukua ufagio, kisha akalirudisha lilivyokuwa.

Baridi ilipoanza, Bosi akagoma kuingia. Mzee alisukuma, akavuta, akamwekea jani la kabichi. Wapi! Na mgongo wake si wa kubeba saruji tena. Mimi ni msusi, nilikuwa namsuka mteja pale dirishani kwangu, nikamwambia ampigie simu mwenye kobe. Nilikuwa natania. Akapiga kweli, akaiweka simu kwenye sauti kubwa, akaishusha mpaka karibu na pua ya Bosi. Mama akaita kama alivyoita siku zote. Bosi akatoa shingo, akafikiri, akaingia. Mimi na mteja wangu tulicheka mpaka nikapotosha mistari ya kichwa chake.

Tangu hapo ikawa simu kila jioni. Baada ya kuwaita kobe, mama alimuuliza mumewe kama amekula, kama mgongo unamsumbua, kama bomba la jikoni bado linavuja. Mzee alijibu neno moja moja, lakini sikumwona hata siku moja akiwa wa kwanza kukata.

Baridi ya pili ikaingia na mama hajarudi. Safari hii mzee alifunga balbu ya joto ndani ya banda, akaizungushia wavu wa chuma ili kobe wasiungue. Na mimi, kwa kuwa macho sikupewa ya kufumba, nikaona kitu. Jua likiondoka tu uani, Bosi anajikokota mwenyewe mpaka ndani, hajaitwa na mtu, na wenzake nyuma yake. Mzee anafunga kufuli. Kisha anageuza kreti la soda, anakaa mbele ya mlango uliofungwa, anapiga simu.

"Wamegoma tena," anasema. "Hebu sema nao kidogo."

Na mama anaita kutoka huko aliko, wakati kobe wameshalala. Mzee anainamisha kichwa na kusikiliza, kama anavyosikiliza kitasa. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu, nikaziba mdomo kwa taulo. Siku iliyofuata sikucheka. Nilirudishia dirisha, nikawakumbuka watu wangu mimi, ambao sijasikia sauti zao muda mrefu, na roho ikaniuma.

Ubaya ni kwamba uongo wake aliufanya vizuri mno. Leo Bosi kagoma, kesho Mpangaji kajificha, keshokutwa mgongo. Mama akamhurumia. Jioni moja akamwambia kwamba mkwe wao amempata mtu mwenye shamba pana, anayejua kufuga kobe na ana mabanda yenye joto. Jumamosi atakuja na pikapu awachukue wote watatu. Alisema anataka mzee apumzike, kwa maana amemwachia mzigo ambao si wake. Mzee akajibu sawa. Baada ya simu kukatika alikaa pale kwenye kreti mpaka giza likaanza kuingia.

Ijumaa alirudi mapema kutoka sokoni, akasimama mlangoni kwangu, jambo asilolifanya. Akakohoa. Akaniuliza kama huyo mtu wa shamba hali kobe. Nikamwambia hapana, baba, anawafuga tu. Akasema basi watakuwa salama, lakini hakuondoka. Subira si fani yangu. Nikamwambia wazi kwamba dirisha langu linatazama banda, na kwamba yote nimeyaona tangu siku ya balbu.

"Kobe wakiondoka," nikamuuliza, "mama utampigia kwa ajili ya nini?"

Alizitazama funguo mkononi mwake. "Nitasema nini, binti? Ana wajukuu mikononi. Nimwambie kwamba mtu mzima nimeshindwa kukaa nyumbani kwangu?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Akaondoka. Nikajua nimevuka mpaka, nikaanza kuwaza chumba cha kuhamia.

Jua liliondoka uani, na kobe wakaingia mmoja mmoja. Mzee alitoka jikoni amejitupia sweta jekundu mabegani. Akafunga kufuli, akageuza kreti, akapiga. Mama alipokea mara moja. Alisema leo ndiyo mara ya mwisho kuwaita, na sauti yake haikuwa imara.

"Bosi, baba," akaanza.

"Wameshaingia," mzee akamkatiza.

"Wote?"

"Wote. Jana pia. Tangu nilipofunga balbu wanaingia wenyewe."

Huko upande wa pili mtoto alikuwa analia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Sasa siku zote hizi," akasema, "nilikuwa namwita nani?"

Mzee hakukohoa. "Mimi," akasema. "Ulikuwa unaniita mimi."

Nilisikia mama akipenga kamasi. Kisha akasema huyo mtu wa pikapu asije, yeye mwenyewe atamwambia mkwe, na akamwambia binti yake naye aanze kutafuta msaidizi kwa dhati. Siku ya kurudi hakuitaja, wala mzee hakuiuliza. Mama akamuuliza tu yuko wapi saa hizi. Mzee akasema yuko uani, kwenye kreti.

"Basi ingia ndani, mume wangu," mama akasema. "Baridi hiyo."

Mzee akainuka taratibu, akashika sweta lisidondoke, akaingia, na simu akaenda nayo.